Naombeni ushauri: arifa za emaili za kufuatilia jina la kampuni yetu mtandaoni, naletewa vitu visivyotuhusu

MtembeziMoshi
Wakuu habari zenu. Nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, tupo Moshi, websaiti tunayo tangu 2017 na karibu bukingi zote zinapitia huko. Mwezi wa saba wakaja ofisini wageni wawili toka Ujerumani, mtu na mkewe, wameshika risiti ya advansi ya njia ya Lemosho siku 8, jina kwenye risiti ni letu kabisa ila akaunti siyo yetu na kwenye vitabu vyetu hawapo. Kumbe kuna websaiti imekopi kurasa zetu zote, picha za wapagazi wetu, hadi maneno ya ukaribisho niliyoandika kwa mkono wangu, domeini yao (anwani ya websaiti) ni kama yetu wameongeza tu kistari katikati. Yule mama alilia pale ofisini, na mimi sikuwa na la kumwambia. Imeniuma mpaka leo.

Nikaambiwa niweke Google Alerts ili jina letu likitajwa popote nipate emaili. Nimeweka, ila jina letu lina neno Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, sasa kila asubuhi naletewa habari za anga za juu maana Wajapani nao wana maabara yao kwenye kituo cha kimataifa cha anga inaitwa Kibo, halafu hiyo websaiti ya matapeli haijatokea hata siku moja. Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

fundi_wa_tovuti
Pole sana mkuu, hilo ni pigo. Kwanza elewa hiyo kitu inavyofanya kazi, inakuletea kurasa MPYA ambazo Google imezikuta baada ya wewe kuweka arifa, zile zilizokuwepo tangu zamani haikuletei. Kwahiyo huyo tapeli ungekaa miaka unamsubiri kwenye emaili, yeye mtafute mwenyewe kwa kusachi, arifa ni kwa ajili ya watakaokuja.

Pili jina lote liweke ndani ya funga na fungua semi, usipoweka inatafuta neno mojamoja ndo maana unapata Kibo za kila aina. Usiyoyataka yatoe kwa alama ya kutoa iliyogusana na neno, yani -JAXA (hilo ni shirika lao la anga) -Japan, usiache nafasi hapo. Na uongeze -site:domeini yenu ili usiletewe kurasa zenu wenyewe. Halafu fungua machaguo ya chini watu wengi hawayafungui, lugha weka zote maana kama akaunti yako ni ya Kiingereza inaweza kubaki Kiingereza tu na Mjerumani akiandika kwao hutajua, eneo weka popote, na pale kwenye idadi chagua matokeo yote badala ya yale bora tu. Kampuni ndogo haitajwi mara nyingi, huwezi kuzidiwa.

Binti_Machame
Kaka pole. Naongezea, jina peke yake halitoshi maana anayekopi anaweza kubadili jina akabakiza maneno. Chukua sentensi moja kwenye hayo maneno yako ya ukaribisho, ile ambayo hakuna mwingine angeiandika hivyo, weka maneno nane mpaka kumi ndani ya funga na fungua semi, itengenezee arifa yake peke yake. Mimi nauza kahawa na nimewakamata wawili hivyo hivyo, jina walishabadilisha ila maelezo ya shamba la marehemu babu yangu waliyaacha neno kwa neno.

mzee_wa_seva
Wengi wanafuatilia nje wanasahau nyumbani. Weka arifa ya site:domeini yenu pamoja na neno casino, nyingine na viagra. Websaiti ikidukuliwa wanapandikiza kurasa za takataka ndani, wewe ukifungua ukurasa wa mwanzo unaona kila kitu kipo sawa ila Google inaziona. Kuna aina moja inajaza kurasa za Kijapani kwa mamia, nimesafisha websaiti ya mteja ilikuwa nazo tangu miezi mitatu nyuma na hakuna aliyejua. Na jisajili Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye websaiti, ni bure, wakigundua tatizo la usalama wanakutumia emaili. Alerts usiitegemee peke yake, kuna vitu inaruka, mi kila mwezi bado nasachi kwa mkono.

Pwani254
Pole ndugu yangu, mimi niko Diani na nyumba ya wageni. Hizo arifa haziingii ndani ya WhatsApp wala magrupu ya Facebook yaliyofungwa, na huko ndiko wageni huulizana. Kwa Tripadvisor, ule mtandao wa maoni ya wasafiri, usingoje Google, ingia kwa akaunti ya mwenye biashara uwashe emaili za maoni mapya, utayapata yakitoka tu. Zangu zote nimezipeleka kwa folda moja, nazisoma asubuhi nikinywa chai.

MtembeziMoshi
Ahsanteni sana wakuu, dada Binti_Machame ubarikiwe. Nimekaa jana usiku mpaka saa saba nimeweka tano, jina, jina na kile kistari chao, sentensi ya ukaribisho, na mbili za mzee. Zile habari za anga za Wajapani zimekata kabisa. Swali moja, ile websaiti yenyewe nawaondoaje?

fundi_wa_tovuti
Piga picha kila ukurasa kwanza na hiyo risiti ya wageni itunze. Domeini yao itafute kwenye WHOIS, ile orodha ya usajili wa domeini, utaona kampuni iliyowauzia, huwa kuna emaili ya malalamiko pale pale. Google nao wana fomu ya kuondoa kilichokopiwa kwenye matokeo, watataka linki ya ukurasa wako na wao, moja kwa moja. Na polisi ufungue jalada, hapo kuna pesa ya mtu.

MtembeziMoshi
Mrejesho wakuu, leo siku ya 9. Fomu nimejaza, jalada nimefungua. Na asubuhi hii ile arifa ya sentensi imeleta emaili yake ya kwanza, domeini NYINGINE kabisa, jina jingine, picha ni za wapagazi wetu wale wale. Haina hata wiki. Nimeshawaandikia wageni wetu wote wa mwezi wa kumi na mbili namba sahihi ya akaunti, sasa naanza na WHOIS.