Naomba ushauri: dodoso la mtandaoni kuhusu majina ya rangi

Msomi_Isimu: Wakuu, habari zenu. Niko shahada ya uzamili, nataka kujua watu wanaziitaje rangi kwa Kiswahili cha kila siku. Mpango wangu ni dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar, Unguja na Mombasa: mtu anaona rangi, anachagua jina moja kati ya 11. Msimamizi anahofia skrini za simu, maana kila moja huonyesha rangi kivyake; anataka nitumie vipande vya Munsell (vipande vya rangi vya kiwango maalumu) kama walivyofanya World Color Survey, utafiti wa majina ya rangi katika lugha za dunia: vipande 330, lugha 110. Bei yake siiwezi. Nifanyeje?

Mama Vitambaa: Mwanangu, hiyo orodha ya majina itoe. Mimi nauza vitambaa. Mteja akitaka sare ya harusi haniambii "nyekundu iliyokolea", anasema damu ya mzee. Kwenye majina yako 11 ataipata wapi? Waache waandike wenyewe.

Kodi_Safi: Namuunga mkono mama. Randall Munroe, mchoraji wa katuni za mtandaoni za xkcd, alifanya hivyo mwaka 2010: watu waliandika jina lolote, akapata majibu takriban milioni tano. Skrini zilitofautiana, lakini kwa wingi ule dosari zilimezwa. Wewe hutapata umati huo, kwa hiyo jilinde. Weka rangi chache, nyuma yake kijivu tupu, mpangilio ubadilike kwa kila mtu. Rudia rangi tatu nne bila kumwambia. Akiita zambarau mara ya kwanza na bluu mara ya pili, hilo nalo ni data. Muulize kama simu yake imewashwa mpangilio wa mwanga wa usiku (night light), maana ule hufanya kila kitu kiwe na umanjano. Na muulize kama ana upofu wa rangi, hasa wanaume.

Bin Kisauni: Huku kwetu Mombasa wengi husema hudhurungi, nyinyi kahawia. Kwa hivyo uliza mtu amekulia wapi, si anaishi wapi. Tena wazee wengi hawamo kwenye magrupu hayo, na majina wanayo. Chukua simu moja, mwangaza uleule, ukae nao barazani kivulini. Hofu ya msimamizi wako itapungua pia.

Msomi_Isimu: Shukrani sana, orodha naiondoa leo. Swali moja: mtu akiandika "blu", mwingine "buluu", mwingine "bluu", nazihesabu vipi?

Kodi_Safi: Safu mbili, mkuu. Ya kwanza ibaki kama alivyoandika, usiiguse. Ya pili ndiyo unaunganisha tahajia. Ila "bluu bahari" usiichanganye na bluu.