Naomba ushauri: maonyesho ya picha za kuchora maktaba ya mkoa, Mbeya

Wakuu heshima zenu, mimi na wenzangu tunachora hapa Mbeya, sasa tunataka kuomba maktaba ya mkoa tuweke maonyesho kama wiki hivi, kuna picha za mtindo wa tingatinga za kwenye hadibodi na michoro ya penseli ya mlima Loleza na soko la Mwanjelwa. Barua naandika kwa mkutubi wa mkoa au moja kwa moja Bodi ya Huduma za Maktaba? Na BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) wanahusika hata kama hakuna kiingilio? Misumari ukutani sidhani kama watakubali, nawaza stendi za mbao ila fundi kataja hela ya kutisha jamani. Halafu kuuza mle ndani inaruhusiwa au unabandika tu namba ya simu mtu akucheki baadae? Aliyewahi kufanya anisaidie, hata huko Iringa.