Mapacha wanakuja, ofisi inasema siku 84 tu. Tufanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Mke wangu ni mhasibu kwenye kampuni binafsi hapa Dar, ana mimba ya miezi mitano, na utrasaundi imeonyesha mapacha. Afisa utumishi kamwambia likizo ya uzazi ni siku 84, zikiisha arudi au achukue likizo bila malipo. Mimi kwangu naambulia siku 3. Bibi yao yuko Songea anauguza. Sasa dada wa kazi aachiwe vichanga wawili peke yake? Mama watoto ameanza kuongelea kuacha kazi.

Nyamizi: Asiache! Huyo afisa asome kifungu cha 33 chote, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Siku 84 ni za mtoto mmoja. Wakizaliwa zaidi ya mmoja kwa mpigo ni siku 100, kwa malipo. Atoe taarifa ya maandishi miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, aambatishe cheti cha daktari, abaki na nakala yenye muhuri. Yaani aandike mwezi huu huu. Akirudi kazini ana hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Mwenzangu mmoja aliziunganisha, akawa anatoka saa 8 badala ya saa 10. Na pacha huwahi kuzaliwa: marekebisho ya sheria ya 2025 yanamwongezea mama wa njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, muda wa kufikisha wiki 40 za ujauzito. Aulizie pia fao la uzazi NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Kijiti: Siku 3 za baba, tena uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Akijifungua kwa upasuaji zinaishia kwenye benchi la wodi. Kenya ni wiki 2, kwa sheria yao ya 2007.

Mwajiri Mdogo: Mtanichukia, lakini nina wafanyakazi sita. Mmoja akiondoka siku 100 nalipa mshahara wake na wa anayemshikia nafasi. Ndiyo maana wengine wanakwepa kuajiri wasichana, kimya kimya. Rwanda waliliona: sheria ya 2016 ikaanzisha mfuko, mwajiri anachangia 0.3% ya mshahara, mfanyakazi 0.3%. Mwajiri analipa wiki 6 za mwanzo, zilizobaki mfuko. 2023 wakapandisha likizo kutoka wiki 12 hadi 14. Hapo hata mimi nisingelalamika.

Nyamizi: Hoja yako ya mfuko naikubali. Ila mpaka uje, siku 100 ni 100.

Mama Kurwa: Mleta uzi, nimelea pacha. Vituo vingi vya kulelea watoto mchana havipokei wa miezi mitatu, usitegemee huko. Dada aje mwezi mzima kabla mama hajarudi, ajifunze mbele yake. Na wewe ile likizo yako ya mwaka, siku 28, usiiguse sasa. Ianze siku mkeo anarudi ofisini. Kubadilisha nepi utazoea 😂

Mleta uzi: Hiyo ya likizo yangu sikuiwaza kabisa. Barua anaandika kesho. Afisa akikaza je?

Nyamizi: Kwanza apande kwa meneja, kwa upole, na nakala ya sheria mkononi. Ikishindikana, CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi), ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Wakithubutu kumwachisha kazi ni siku 30, hapo msisubiri.