Mrejesho: maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi mguuni

Wadau, niliuliza kuhusu maumivu yanayoanzia kiunoni, yanapita kwenye tako na kushuka nyuma ya paja hadi unyayoni, mguu mmoja tu. Daktari alinilaza chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka, maumivu yakachoma papo hapo. Ni neva ya siatiki, ile neva kubwa inayotoka kiunoni na kushuka mguuni. Diski (mto laini) kati ya pingili za chini za mgongo imetokeza na kubana mzizi wa neva hiyo, ndiyo maana nikikohoa au nikikaa sana yanazidi. Kumbe mguu wenyewe ni mzima! Wengi hupona bila upasuaji, na kushinda kitandani hakusaidii, kwa hiyo natembea taratibu. Ila ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Asanteni sana mlionijibu.