Mjadala: Mabingwa wa tenisi ya ridhaa walipwe fidia, au sanamu inatosha?

Wadau, kila akitajwa Althea Gibson, bingwa wa tenisi Mmarekani mweusi, watu huishia kwenye sanamu yake iliyozinduliwa New York mwaka 2019, pale inapochezwa US Open. Mimi nasema sanamu haitoshi. Mashindano makubwa yawalipe mabingwa wa enzi za ridhaa, yaani za kucheza bila malipo, walio hai, na familia za waliokufa maskini.

Gibson alizaliwa South Carolina kwa wazazi waliolima pamba kwenye shamba la watu, akakulia Harlem. Tangu 1947 alikuwa bingwa wa wanawake wa chama cha tenisi cha Wamarekani weusi, lakini Forest Hills, uwanja wa New York ulikochezwa ubingwa wa Marekani, hakukanyaga hadi 1950, baada ya Alice Marble, bingwa wa zamani na mzungu, kuwasema wakubwa wa tenisi hadharani kwenye jarida la tenisi. Mwaka 1956 akachukua ubingwa wa Ufaransa. Mwaka 1957 na 1958 akabeba Wimbledon ya Uingereza na ubingwa wa Marekani, yote mawili, mara mbili mfululizo! Malkia Elizabeth alimkabidhi kombe, New York ikamfanyia gwaride. Fedha hakupewa, maana sheria ya ridhaa ilikataza.

Najua jibu linalokuja: sheria ilikuwa moja kwa wote. Kwenye karatasi, sawa. Ila mtoto wa tajiri aliweza kucheza bila kulipwa maisha yake yote. Gibson alitunzwa na madaktari wawili weusi, Hubert Eaton na Robert Johnson, ndipo akapata shule na mazoezi. Wanaume nyota walikuwa na ziara za kulipwa za Jack Kramer, mwandaaji wa mechi za tenisi ya kulipwa. Yeye alipoacha ridhaa mwaka 1958, akiwa kileleni, aliambulia mechi za maonyesho kwenye ziara ya Harlem Globetrotters, timu ya maonyesho ya mpira wa kikapu, baadaye gofu. Wimbledon ilianza kutoa zawadi za fedha 1968. Miaka ya 1990 alikuwa mgonjwa na hana kitu, mpaka Angela Buxton, aliyecheza naye wawili wawili, alipomchangishia.

Wengine watasema tukianza hapa kila mchezo utadai. Basi tuweke mpaka: washindi wa mashindano manne makubwa (Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani) kabla ya 1968. Wengi wameshafariki, mzigo si mkubwa.

Na watazamaji walilipa viingilio miaka yote hiyo. Fedha zilibaki kwa klabu na vyama. Mnaopinga, naomba mlijibu hili la viingilio kwanza, kabla ya kuniambia kwamba zama zilikuwa zile.