Amin aliangushwa na mizinga au na kahawa?

Kijana wa Kihesa:
Wakuu, heshima zenu. Jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Jamaa mmoja kashikilia kwamba vikwazo havijawahi kumtoa mwanajeshi Ikulu, ni bunduki tu, na mfano wake ni Idi Amin wa Uganda na JWTZ, jeshi letu la Tanzania. Mimi nilisoma kuwa Marekani ilipiga marufuku kahawa ya Uganda Oktoba 1978, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mlioyaona, ni sadfa?

Mzee wa Kyaka:
Marahaba, hata kama hujaniamkia.

Nilikuwa darasa la sita. Kijiji chetu kiko kaskazini ya mto Kagera, njia ya Mtukula. Jeshi la Amin lilipovamia, tulivuka daraja la Kyaka usiku, mama na mtoto mgongoni, mimi na kuku wawili. Siku chache baadaye askari wake wakalilipua. Tuliporudi mwaka uliofuata nyumba ilikuwa imesimama bila bati hata moja, bila mlango, bila fremu za madirisha. Ng'ombe usiulize. Sasa niambie, askari aliyeshiba anang'oa mlango wa mtu na kuupeleka Masaka?

Ndiyo maana siidharau kahawa. Uganda ilikuwa inategemea kahawa karibu peke yake kupata fedha za kigeni, na Marekani ilikuwa inanunua kama theluthi yake. Fedha hiyo ndiyo iliyokuwa inaleta wiski na redio kwa ndege kutoka Stansted, Uingereza, kuwaliwaza wanajeshi. Na Waingereza walikuwa wameshavunja uhusiano wa kibalozi tangu 1976! Ubalozi umefungwa, duka liko wazi. Hata Rais Carter wa Marekani, aliyekuwa anahubiri haki za binadamu, serikali yake mwanzoni haikuitaka hiyo marufuku ya kahawa. Ni wabunge, akina Don Pease wa Ohio, waliosukuma.

Debe la Buni:
Mzee shikamoo. Niko Bungoma. Marufuku ilikuja wakati debe limeshatoboka. Babangu alibeba magunia ya magendo Chepkube, hapa mpakani, 1976 na 1977, baridi iliyoua mikahawa ya Brazil ilipopandisha bei dunia nzima. Kahawa ya Uganda ilivuka usiku ikawa ya Kenya. Nyumba ya mabati aliyojenga bado tunalala ndani. Kisha 1978 bei ikashuka. Soko lilimuumiza Amin kabla ya Carter kutia sahihi.

Mzee wa Kyaka:
Marahaba mwanangu. Hilo la bei nakubali, nililisahau.

Lakini kijana wa Kihesa, jamaa yako asijisifu mapema. Mizinga ilimtoa Amin, haikuleta demokrasia. Afrika yenyewe ilimkabidhi uenyekiti wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Kampala, 1975. Mwalimu alikataa kwenda. Askofu Mkuu Luwum wa Kanisa Anglikana Uganda akauawa Februari 1977, wakuu wengi wa nchi za Afrika kimya. Tulipomaliza kazi, Rais Nimeiry wa Sudan akasimama kwenye mkutano wa OAU, Monrovia, Julai 1979 kutulaumu kwa kuingilia nchi ya watu.

Halafu ikawaje? Lule akawa rais siku 68. Binaisa, chini ya mwaka. Mei 1980 tume ya kijeshi ya Muwanga ikashika nchi, na askari wetu walikuwa bado wamejaa Kampala. Desemba uchaguzi, Muwanga akajitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo, Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, akarudi. Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Hapa huwa nagombana na wazee wenzangu: tulikuwa na majeshi mle ndani, tukaangalia pembeni kwa sababu mshindi alikuwa rafiki yetu.

Kijana wa Kihesa:
Shikamoo mzee, samahani kwa kuchelewa. Sasa kijiweni nisemeje, nimeshinda au nimeshindwa?

Mzee wa Kyaka:
Marahaba. Mwambie akununulie kahawa nyingine, ile imepoa.

Debe la Buni:
Na asiulize imetoka wapi.