Lancia Stratos Zero: ushawishi wake uko wapi hasa?

Penseli_HB: Wadau, chuoni tumepewa kazi ya kuandika kuhusu Lancia Stratos Zero, gari la maonyesho la Italia la 1970. Kimo sentimita 84, haina milango ya pembeni, dereva analala chali kama yuko kwa daktari wa meno. Na lilitengenezwa moja tu! Sasa gari ambalo halikuuzwa limemshawishi nani?

Fundi Bodi, Nakuru: Mimi kazi yangu ni kunyoosha bodi, kwa hiyo macho yangu huanzia kwenye mistari. Litazame ubavuni: mstari mmoja unatoka ncha ya pua mpaka paani bila kukatika, na kioo cha mbele kimo ndani ya mstari huohuo. Mlango ungeuvuruga. Marcello Gandini, aliyekuwa mchoraji wa Bertone, kampuni ya kubuni magari kule Turin, akaamua kioo chenyewe ndicho kiwe mlango. Unakiinua, usukani unasogea mbele, unakanyaga puani, unaingia. Ukivaa sketi, pole.

Nyuma kuna injini ya Lancia Fulvia, V4 ya lita 1.6, kwa hiyo lilikuwa linatembea. Nuccio Bertone, mkuu wa kampuni hiyo, aliliendesha mwenyewe hadi ofisi za Lancia, na husimuliwa kwamba alipita chini ya kizuizi cha getini kikiwa kimefungwa. Baada ya hapo ikazaliwa Stratos HF, gari la rali: mchoro wa Gandini tena, injini V6 ya Ferrari Dino, ubingwa wa dunia wa rali 1974, 1975 na 1976. Umeuliza limemshawishi nani. Lancia yenyewe!

Kabari68: Fundi, umeruka hatua. Kabla ya Zero kulikuwa na Alfa Romeo Carabo, Paris 1968, Gandini huyohuyo. Milango ya kupanda juu ilianzia pale, ikaja kwenye Lamborghini Countach iliyoonyeshwa Geneva 1971. Mimi ningeandika kuhusu Carabo.

Fundi Bodi, Nakuru: Kwa milango, sibishi. Ila Countach ilibandikwa ukutani, Stratos ilikuja huku kula vumbi. Safari Rally ya 1975 Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, wote na Stratos. Aliyeshinda ni Ove Andersson na Peugeot 504, na mzee wangu, mtu wa Peugeot hadi kaburini, alitusimulia hiyo kila Pasaka. Safari haikuwahi kuchukuliwa na Stratos, lakini gari lenye asili ya jukwaa la maonyesho kumaliza la pili kwenye barabara zile, mimi navua kofia.

Penseli_HB: Asanteni. Mchoro nianzie wapi?

Fundi Bodi, Nakuru: Anza na kioo. Bawaba zake ziko juu, paani, si chini. Wengi huzigeuza, halafu gari zima linakataa kukaa sawa.